Kaa wakivuliwa wote, nyasi za kinamasi hufa?

"Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Moshi. Tukifika kwenye ikolojia ya pwani, vitabu vinaeleza kinamasi cha chumvi kwa mambo matatu: maji yanayojaa na kupwa, chumvi, na rutuba ya tope. Majuzi mwanafunzi mmoja alisimama akasema amesoma kwamba Marekani nyasi za vinamasi zilikufa kwa sababu watu walivua kaa na samaki kupita kiasi. Darasa likacheka, nami nikabaki sina jibu. Je, ni kweli? Kama ni kweli, kwenye mtihani waandike nini? Na mikoko yetu nayo itakufa tukimaliza kaa? Mwezi wa sita tuna safari ya siku tatu Tanga, wanafunzi 28, fedha kidogo. Kuna kitu tunaweza kupima wenyewe badala ya kutazama tu?"

Mwalimu, mwanafunzi wako hakukosea, na wewe hukukosea kusita. Habari aliyoisoma inaelekea imechanganya visa viwili vya maeneo mawili tofauti. Kimoja kina ushahidi mzito dhidi ya uvuvi. Kwenye kile kingine, ukame ndio ulioanza kazi na uvuvi ni mshukiwa tu. Tuvitenganishe kwanza, kisha nije kwenye mtihani, mikoko na safari yenu.

Kwanza mahali penyewe. Kinamasi cha chumvi kinachozungumziwa ni uwanda wa nyasi kwenye ukingo wa bahari, unaofunikwa na maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Vinamasi hivi hutawala pwani zenye baridi kali, ambako mikoko haistahimili. Kwetu nafasi hiyo imeshikwa na mikoko, na nyuma yake utakuta nyanda za chumvi zenye mimea mifupi ya majani manene kama Sesuvium na Suaeda. Kwa hiyo msitarajie kuukuta Tanga uwanda wa nyasi ndefu za Spartina kama ule wa jimbo la Georgia. Mtakachokuta ni ndugu yake, na undugu huo una mipaka.

Sasa, kwa nini vitabu vinasema hivyo? Miaka ya 1950 na 1960, watafiti kama Eugene Odum na John Teal walifanya kazi katika kisiwa cha Sapelo, Georgia. Mwaka 1962 Teal alichapisha hesabu ya nishati inavyopita kwenye kinamasi hicho: kiasi gani nyasi zinatengeneza, kiasi gani kinaliwa, kiasi gani kinaoza. Aligundua kwamba sehemu ndogo tu ya nyasi huliwa zikiwa hai. Nyingi hufa zenyewe, zikaoza, na uozo huo ndio unaolisha viumbe wengine. Kutokana na hapo likajengeka wazo kwamba viumbe wala majani hawana uzito wowote kwenye kinamasi, na kwamba kila kitu kinaamuliwa kutoka chini, yaani tope, chumvi na virutubisho.

Kipimo kilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyovuka mipaka. Ukipima nyasi zinaliwa kiasi gani wakati wala nyasi wenyewe wanaliwa kila siku, umepima hali ilivyo wawindaji wakiwapo. Hujapima ingekuwaje wasingekuwapo. Swali la pili halijibiwi kwa kuhesabu. Linajibiwa kwa kumwondoa mmoja na kuona kinachofuata.

Hicho ndicho walichofanya Brian Silliman na Mark Bertness, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Kwenye nyasi za Spartina huishi konokono mdogo aitwaye Littoraria irrorata. Waliweka vizimba vya waya juu ya vipande vya kinamasi, vingine vikawekewa konokono wengi, vingine wachache, vingine bila konokono kabisa. Penye konokono wengi ambao hakuna mwindaji aliyeweza kuwafikia, nyasi zilizokuwa zimesimama vizuri ziligeuka tope tupu ndani ya miezi minane. Na walipochunguza nani huwapunguza konokono hao katika hali ya kawaida, walikuta ni wawindaji wanaokuja na maji ya bahari, hasa kaa wa buluu, Callinectes sapidus.

Utaratibu wenyewe unafaa kuwaeleza wanafunzi polepole, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza. Konokono huyu hali jani kama mbuzi anavyokula. Ana ulimi wenye meno madogo mno, na kwa ulimi huo hukwangua jani kutoka juu kwenda chini, akiacha mfereji mwembamba. Kwenye kidonda hicho huota kuvu, na kuvu ndiyo chakula anachokitaka. Kinyesi chake, chenye nitrojeni, huangukia humo humo na kuirutubisha. Mwaka 2003 Silliman na Steven Newell walionyesha kwamba wakipulizia dawa ya kuua kuvu, madhara ya konokono kwenye nyasi hupungua sana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hutokana na maambukizi kwenye kidonda, wala si kiasi cha jani kilichomezwa. Ndiyo maana hesabu ya "kiasi kilicholiwa" ilimpita mbali kiumbe huyu: anakula kidogo, anaua kingi.

Sasa mweke mwindaji. Maji yakijaa, kaa wa buluu huingia kati ya nyasi kutoka kwenye vijito. Konokono hupanda shina hadi juu ya usawa wa maji na kusubiri. Maji yakipwa hushuka tena kula kwenye tope. Anayechelewa huvunjwa gamba. Ndani ya picha hiyo mna athari mbili, na ni vema wanafunzi wazitaje kando kando. Ya kwanza ni kuliwa, inayopunguza idadi. Ya pili ni hofu, inayobadili mahali na muda wa kula bila hata mmoja kufa. Hofu hii si maneno ya hadithi, hupimika. Mwaka 1997 Andrew Beckerman, Maria Uriarte na Oswald Schmitz walichapisha jaribio la panzi na buibui kwenye majani ya shamba lililoachwa, huko Connecticut. Waliwagandisha buibui midomo kwa gundi ili wasiweze kuua. Panzi waliendelea kubadili ulaji wao kwa kumwona tu, na mimea ikaonyesha tofauti.

Turudi kwa mwanafunzi wako. Kati ya 1999 na 2001 ukame mkali uliipiga kusini-mashariki mwa Marekani, na vinamasi vingi vikakauka vipande vipande. Silliman na wenzake walichapisha uchunguzi wa tukio hilo mwaka 2005. Waliona kwamba udongo ulioharibiwa na ukame uliua nyasi kwanza. Konokono waliokuwa humo wakahamia kwenye nyasi zilizobaki hai pembezoni, wakajazana kwenye mstari, na mstari huo ukasonga mbele ukifyeka hata nyasi zenye afya. Ukame uliwasha moto, konokono wakausambaza. Kwamba uvuvi wa kaa uliongeza idadi ya konokono lilitolewa kama jambo linalowezekana. Kwa kisa hiki, kusema "uvuvi uliua nyasi" ni kuongeza chumvi.

Kisa cha pili ni cha Cape Cod, Massachusetts, na hapo ushahidi ni mzito zaidi. Mharibifu ni kaa mla majani, Sesarma reticulatum, anayetoka usiku, anayekula Spartina na kuchimba kingo za vijito hadi zinabomoka. Andrew Altieri, Bertness na wenzao walilinganisha vinamasi vilivyokufa na vilivyo hai, wakachapisha mwaka 2012. Palipokufa ndipo watu huvua sana kwa ndoano kwa kujifurahisha, ndipo samaki na kaa wawindaji walipokuwa wachache, na ndipo Sesarma waliofungwa kwa uzi waliponusurika zaidi. Huo bado ni ulinganisho, na mtu angeweza kudai sehemu hizo zinatofautiana kwa mengine. Mwaka 2014 Bertness na wenzake wakajibu kwa jaribio: waliwazuia wawindaji kwa makusudi kwenye vipande vya kinamasi, na nyasi zikaanza kufa ndani ya msimu mmoja wa ukuaji. Kama mwanafunzi wako anataka mfano wa kuutetea mbele ya wenzake, aushike huu.

Cape Cod ina mkia unaoudhi wapenda hadithi nyoofu. Kaa wa kijani kutoka Ulaya, Carcinus maenas, ambaye ni mvamizi na kero sehemu nyingi, alihamia kwenye mashimo ya Sesarma, akawafukuza na kuwala, na nyasi zikaanza kurudi. Mgeni akafanya kazi iliyoachwa na wenyeji waliovuliwa. Hilo halimfanyi kuwa rafiki kila aendako. Linaonyesha tu kwamba nyasi hazijali mwindaji ametoka wapi, mradi mla nyasi anaogopa.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka na mimi naliona ndilo zito kuliko yote: kwa nini kipande kilichoachwa wazi hakirudi hata wala nyasi wakiondoka. Mfano bora uko La Pérouse, ghuba ndogo ya Hudson Bay nchini Kanada. Bata bukini weupe waliongezeka mno kwa sababu wakati wa baridi hula nafaka zilizobaki kwenye mashamba ya Marekani. Wakirudi kaskazini majira ya kuchipua, hufukua mizizi ya nyasi fupi za kinamasi. Robert Jefferies na wenzake walifuatilia matokeo kwa miongo kadhaa. Tope likiachwa bila majani, jua hulipiga moja kwa moja, maji huvukizwa, chumvi hupanda juu na kukolea. Chumvi hiyo huua miche, miche ikifa kivuli hakirudi, na kivuli kisiporudi chumvi huzidi. Mduara huo hujiendesha wenyewe. Kwa maneno mengine, chumvi ambayo kitabu chako kinaitaja kama chanzo inaweza pia kuwa matokeo ya kuliwa. Nyanda za magadi za Manyara wanafunzi wako wanazijua kwa macho, kwa hiyo hawatapata shida kuelewa tope likikolea chumvi linafananaje.

Ili usidhani nimeegemea upande mmoja, weka na hili. Linda Deegan na wenzake walitia virutubisho kwenye vijito vya vinamasi vya Plum Island, Massachusetts, kwa miaka tisa, wakachapisha mwaka 2012. Nyasi zilikua juu, lakini zikatoa mizizi michache ya kushika udongo, na kingo zikabomoka na kuporomoka. Hapo hakuna aliyehitaji kula nyasi ili kinamasi kife. Na konokono wa Littoraria si kila mahali ni wengi kiasi cha kuangamiza. Kuna sehemu tele ambako rutuba na maji vinaeleza ukubwa wa nyasi kuliko wao.

Kwa hiyo kwenye mtihani waandike hivi, kwa maneno yao: maji, chumvi na rutuba huamua nyasi zinaweza kuota wapi na kufikia urefu gani, viumbe wala majani na wawindaji wao huamua ni kiasi gani cha uwezo huo kitasimama, na mgandamizo wa nje kama ukame hubadili uzito wa kila upande. Mtahini aliyezoea jibu la mambo matatu hatamnyima alama anayeyataja yote matatu kisha akaongeza la nne kwa mfano wenye mahali na mwaka. Ila awe ameyataja matatu. Mwanafunzi anayekimbilia kaa na kusahau kujaa na kupwa kwa maji atapoteza alama, na atakuwa amestahili.

Makosa mawili madogo ya kuwakanya. La kwanza, kudhani mwindaji lazima awe mkubwa mwenye meno. Kwenye Spartina kuna wadudu wadogo wafyonza utomvu, Prokelisia, na wanaowadhibiti ni buibui. La pili, kudhani wawindaji wa aina nyingi daima ni bora. Deborah Finke na Robert Denno walionyesha mwaka 2004 kwamba aina za wawindaji wa kinamasi zikiongezeka, hasa wale wanaolana wenyewe kwa wenyewe, ulinzi wa mmea unaweza kupungua. Buibui anayekula mwindaji mwenzake hana muda na mdudu.

Mikoko, basi. Jibu fupi: usichukue matokeo ya Georgia ukayabandika Tanga. Jibu refu lina sababu. Nyasi zikiliwa mwaka huu, kinamasi kimekwisha mwaka huu. Mkoko ni mti, hauangushwi na konokono. Wala majani wakuu wa mikoko ni kaa wadogo wa jamii ya Sesarma na wenzao kama Neosarmatium, ambao huburuta majani yaliyoanguka hadi shimoni. Kazi hiyo huusaidia msitu, kwa sababu majani ambayo yangechukuliwa na maji hubaki humo, na mashimo huingiza hewa kwenye tope na kuosha chumvi. Lakini kaa hao hao hula mbegu za mikoko zilizokwishachipua, na hapo huamua ni miti ya aina gani itaota wapi. Anayewawinda ni pamoja na kaa mkubwa wa matope, Scylla serrata, yule anayeuzwa kwa bei nzuri hotelini, na pia ndege na samaki wanaoingia na maji. Ukimmaliza kaa mkubwa, wadogo wanaweza kuongezeka. Je, msitu utafaidika na majani yanayozikwa, au utaumia kwa mbegu zinazoliwa? Hutegemea ni wapi na ni miti gani. Kinachoua mikoko ya Tanzania kwa hakika ni shoka, tanuru la mkaa, mashamba ya chumvi na, kule Rufiji, mashamba ya mpunga. Wanafunzi wasirudi Moshi wakiamini adui ni mvuvi wa kaa.

Kama unataka mfano wa nyumbani wa kuwatoa shaka wale waliocheka, usiende baharini. Kati ya 1980 na 1987 ujangili na sumu viliondoa wawindaji wengi kaskazini mwa Serengeti. Anthony Sinclair, Simon Mduma na Justin Brashares walionyesha, kwenye makala ya 2003, kwamba wanyama wala majani wadogo waliongezeka kipindi hicho kisha wakapungua wawindaji waliporudi, lakini twiga hawakutikisika. Kwa jumla, wanyama wa chini ya kilo 150 hivi hudhibitiwa zaidi na wawindaji, na wakubwa zaidi hudhibitiwa na chakula. Ni jaribio lile lile la kizimba, ila lilifanywa na majangili bila kukusudia. Ukitaka kuifikisha hadi kwenye mimea, taja sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe na nyumbu: ilipodhibitiwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka robo milioni hivi hadi zaidi ya milioni moja, nyasi zikapungua, moto ukapungua, na miti ikaongezeka. Mwuaji hapo alikuwa kirusi, lakini mnyororo ni ule ule.

Sasa safari. Siku tatu hazitoshi kuona mmea ukibadilika. Hata Georgia ilichukua miezi. Kwa hiyo msihangaike na vizimba ufukweni. Wavu hujaa mwani, mkondo wa maji hupungua, tope hujikusanya ndani, na mtarudi na tofauti iliyoletwa na kizimba chenyewe. Kinachowezekana kwa siku tatu ni kupima nguvu ya uwindaji kwa kufunga konokono uzi, mbinu ile ile iliyotumika Cape Cod kwa kaa.

Chagueni siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani ya Tanga siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, saa nzuri kwa wanafunzi. Kusanyeni konokono 35 wa aina moja na ukubwa unaolingana. Kausheni gamba kwa kitambaa, wekeni tone dogo la gundi kali kwenye ncha, mbali na mdomo wa gamba, na mgandishe uzi wa nailoni wa sentimita 20. Subirini dakika kumi, kisha mvute kidogo kuona kama umeshika. Upande wa pili fungeni kwenye kijiti cha mshikaki na kukizamisha chote kwenye tope. Kumi wawe ukingoni mwa kijito, kumi katikati ya mikoko, kumi upande wa nchi kavu, kila mmoja mita moja kutoka kwa mwenzake. Watano waliobaki fungeni vivyo hivyo lakini ndani ya vifuko vya wavu. Hao ndio watakaowaambia kama uzi hujifungua wenyewe. Bila hao watano, konokono aliyepotea hana maana yoyote.

Rudini kesho yake saa ile ile, maji yakiwa yameshajaa mara mbili. Kila konokono aandikwe: hai, gamba limevunjwa (kaa), gamba lina tundu (konokono mwindaji), gamba tupu zima, au hayupo. Kwa wasiokuwepo, angalieni ncha ya uzi: ikiwa na kipande cha gamba, alivunjwa, ikiwa na gundi tupu, huenda ilibanduka. Linganisheni ukanda kwa ukanda. Matarajio ya kawaida ni kwamba ukingoni mwa kijito wengi zaidi wataliwa, kwa kuwa ndiko maji hukaa muda mrefu. Mkipata kinyume, msirekebishe; jadilini. Na waelezeni udhaifu wa mbinu: konokono aliyefungwa hawezi kupanda mti, kwa hiyo mnapima hatari iliyopo, hampimi vifo halisi.

Kundi jingine lipime kupanda kwenyewe. Watie alama ya rangi ya kucha konokono 20 walioko kwenye mashina, wapime urefu kutoka kwenye tope maji yakiwa yamekupwa, na tena yanapoanza kujaa. Huko Mida, Kenya, konokono aitwaye Cerithidea decollata hupanda shina kabla maji hayajamfikia, ana saa yake ndani. Ndiyo maana kumwona akipanda hakuthibitishi anamkimbia kaa. Anaweza kuwa anakwepa maji tu. Waache wanafunzi wapendekeze jinsi ya kutenganisha hayo mawili. Ni swali zuri kuliko majibu mengi.

Jaribio la mmea wenyewe lifanyeni shuleni, kwa panzi na buibui. Vizimba 12 vya fremu ya mbao, sentimita 30 kwa 30, kimo 60, vikifunikwa wavu wa plastiki wa dirishani, pindo zikifukiwa sentimita 10. Vinne viwe na nyasi tupu, vinne nyasi na panzi watano, vinne nyasi, panzi watano na buibui mmoja anayewinda kwa kukimbia, asiyetega utando. Gawa vizimba kwa kura, visipangwe kwa safu za aina moja. Ondoeni kwanza wadudu wote waliomo. Mwagilieni lita mbili kila baada ya siku mbili, sawa kwa vyote. Kila siku ya tatu hesabuni panzi. Hapa mna uamuzi: mkirudishia walioliwa, idadi inabaki ile ile na tofauti mtakayoiona ni ya hofu, msiporudishia, mnapima hofu na kuliwa kwa pamoja. Chagueni moja na msibadili katikati. Baada ya wiki tatu kateni nyasi usawa wa udongo, zianikeni kwenye bahasha za kaki hadi uzito usibadilike kwa siku mbili mfululizo, kisha pimeni kwa mizani ya maabara.

Linaloharibu zaidi ni sisimizi, ambao huingia na kula buibui na panzi waliochoka. Kagueni kila asubuhi. La pili ni baridi ya Juni na Julai hapa Moshi, mawingu yakiukalia mlima panzi hawali. Anzeni Novemba au Desemba, mvua za vuli zikiwa zimeshachipusha nyasi. Na vizimba vinne kwa kila kundi ni vichache: tofauti ndogo haitaonekana hata kama ipo. Buibui washikwe kwa chupa, si kwa vidole.

Mwisho kuna mambo ya kufuatilia ana kwa ana, kwa kuwa siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Mikoko yote nchini ni msitu wa hifadhi, hivyo mwandikieni barua mapema Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ofisi ya Tanga, mkitaja idadi ya wanafunzi, siku, na kwamba mtafunga konokono na kuwaachia. Onaneni na kikundi cha usimamizi wa ufukwe, BMU, cha kijiji husika. Mwombeni mvuvi mmoja awaongoze, mumlipe, kwa sababu yeye ndiye anayejua tope lipi linameza mguu hadi gotini na maji yanarudi kwa kasi gani. Viatu vifungwe, chaza hukata vibaya. Kwa mpangilio wa jaribio la shuleni na uchambuzi wa takwimu, Chuo cha Mweka, cha usimamizi wa wanyamapori, kiko mlimani juu yenu tu; nenda na karatasi yenye mchoro wa vizimba kabla hamjanunua hata mita moja ya wavu. Na nyuzi, gundi na vijiti vyote virudi Moshi pamoja nanyi: hesabuni vijiti 35 kabla ya kupanda basi.